Sekunde Nane za Nguzo ya Kaskazini

Vijana wa karakana waliponiaga walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu aliyeambiwa asije tena kazini. Waliniomba pia niandike. Nadhani walitaka orodha ya vipuri na namba za marekebisho. Hizo zimo kwenye madaftari, kabati la pili, na aliyepoteza ufunguo anajijua. Mimi nitaandika yale ambayo daftari halikuyapokea. Vyeo nilivyopata sitavitaja, maana vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kutengeneza kitu chochote.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikitoka kwetu Kikwajuni kwa miguu, nimevaa viatu vya marehemu baba vilivyonizidi. Karakana yetu ya vyombo vya meli ilikuwa nyuma ya forodha, ghala la zamani la karafuu, na harufu ya karafuu haikutoka ukutani hata tulipopaka rangi mara tatu. Siku ya kwanza sikupewa bisibisi. Fundi Masoud, mkuu wa meza ya dira na batli, alinipa saa ya kubonyeza, ya chuma, akanikalisha dirishani nipime muda wa kila hamali anayepita kutoka mlango wa forodha mpaka bomba la maji. Nilifanya hivyo wiki nzima. Hamali walianza kunitukana.

"Kidole chako kinakwenda kabla ya jicho," aliniambia. "Unabonyeza unachokitarajia. Ngoja ukione."

Fundi Masoud alikuwa mtu mfupi, mkali wa ulimi, mpenda tambuu, aliyekula chumvi nyingi melini kabla hajashuka nchi kavu. Sijamsikia akisifu kazi ya mtu hata siku moja. Ukimpelekea dira uliyoihangaikia siku tatu, aliigeuza, akaitia sikioni kama redio, akasema, "Haijaharibika zaidi." Tuliosikia maneno hayo tulikwenda nyumbani tumefurahi.

Kwa ajili ya wale waliozaliwa na vioo vya umeme, nieleze batli ni nini. Ni chombo kinachoiambia meli inakwenda mwendo gani. Ya zamani ilikuwa kamba ndefu yenye parafujo la shaba linalozunguka nyuma ya meli. Papa waliipenda sana. Ya kisasa, tuliyoanza kuipokea siku hizo, ilikuwa na mrija wa shaba uliotokeza chini ya tumbo la meli. Maji yanayousukuma mrija yanasukuma sindano kule juu kwa nahodha. Chombo kizuri, lakini kama vyombo vyote vizuri, hakijui ukweli mpaka kifundishwe. Na kukifundisha kulikuwa na njia moja tu: kuipeleka meli kwenye maili ya kupimia.

Maili hiyo ilikuwa pwani ya kaskazini ya mji. Kusini yake zilisimama nguzo mbili, moja mbele na moja nyuma. Kaskazini yake nyingine mbili. Meli inapita sambamba na pwani. Ukiona nguzo ya mbele imeifunika ya nyuma, unabonyeza saa. Ukifika kwenye jozi ya pili, zikifunikana, unabonyeza tena. Umekwenda maili moja kamili, na saa imekwambia kwa muda gani. Unarudi kinyume, ili mkondo ulioisukuma meli wakati wa kwenda uizuie wakati wa kurudi, kisha unachukua wastani. Ukilinganisha na sindano ya batli, unajua inasema kweli au inajisifu.

Mwaka wangu wa nne tulipewa kazi ya kuifundisha batli mpya ya Mrashi, meli ya abiria iliyokuwa ikienda Pemba. Nahodha wake alikuwa Mwingereza tuliyemwita Kepteni tu, mtu wa haki, ila aliamini namba kuliko watu. Tulitoka asubuhi. Sikumbuki bahari nyingine iliyotulia vile. Hapakuwa na upepo wala wimbi, na moshi wetu ulisimama wima juu ya dohani kana kwamba hatuendi popote. Mimi nilisimama ubavuni pa chumba cha usukani na saa yangu. Fundi alisimama hatua kumi kutoka kwangu na saa yake, kwa sababu kanuni ilitaka watu wawili wasioonana mikono.

Nguzo za kusini, saa zetu zilikubaliana. Nguzo za kaskazini, tulitofautiana kwa sekunde nane.

Tuliporudi kinyume ikawa vilevile. Mimi nilianza sekunde nane kabla yake kaskazini, tukamaliza pamoja kusini. Kepteni aliziangalia karatasi mbili, kisha akaniangalia mimi. Hata mimi nilijishuku. Tulipita mara nne siku ile, na mara zote nne zilikuwa nane, si saba wala tisa. Saa ya Fundi ilisema batli ni sahihi. Yangu ilisema batli inajisifu kwa mbili katika mia.

Sekunde nane ni muda wa kupiga chafya na kuomba radhi. Lakini njia ya Pemba ina miamba, na mvua ikishuka pazia, nahodha haoni kitu. Anahesabu: nimekwenda mwendo huu, kwa muda huu, sasa nigeuze. Batli ikimdanganya mbili katika mia, anageuza pasipo mahali pake, na nyuma yake wamo watu mia na ushei, na mbuzi wao, na bibi harusi wa mtu. Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwetu, na mmoja wetu alikuwa amekosea.

Tulizilaza saa zote mbili mezani, kifua kwa kifua, tangu kufunguliwa karakana mpaka adhana ya adhuhuri. Zilikwenda pamoja. Tuliupima mrija wa batli kwa maji ya mtungi, ukawa mzima. Fundi alitafuna tambuu na kutazama ukuta.

Safari ya pili tulitoka wiki iliyofuata, na bahari ilikuwa ileile, imelala. Tulipokaribia nguzo za kaskazini, tukianza kurudi kinyume, niliamua kumtazama Fundi badala ya kujitazama mwenyewe. Nilibonyeza yangu kwa wakati wake, kisha nikageuza shingo. Alikuwa ameegemea chuma, uso wake umeelekea pwani, na anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimelizoea. Akabonyeza. Halafu akainua mkono wa kushoto, akaupunga taratibu, mara mbili, kama mtu anayerudisha salamu ya mwenzake ng'ambo ya barabara.

Nilichukua darubini. Nguzo mbili. Mikoko nyuma yake. Ufuo mtupu, hata kunguru hakuna. Nilizunguka na darubini kutoka mwanzo wa ufuo mpaka mwisho, na sikuona mtu.

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikukubali kuwa ni woga, niliuita wajibu. Jioni ile nilikwenda kwa Kepteni, nikamwambia, "Fundi Masoud haoni. Anasalimiana na watu wasiokuwapo."

Kepteni aliweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Nna hakika."

Basi akaamua, na neno lake pale karakana lilikuwa amri. Safari ya tatu ingekuwa ya kuthibitisha tu. Batli ingerekebishwa kwa saa yangu, na Fundi angekabidhi vifaa vyake na kwenda nyumbani. Nilisema kwa ajili ya abiria wa Mrashi. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba meza ya Fundi ilikuwa karibu na dirisha, na mimi nilikuwa nimechoka kufanya kazi gizani.

Alipopewa habari hakufoka, na hilo liliniuma kuliko matusi. Alifungasha bisibisi zake katika kitambaa, akaniita.

"Yakhe, mimi na wewe twende kwa Pandu. Nguzo zile anazilinda yeye. Tumuulize, kisha mnifukuze."

Mzee Pandu nilimjua kwa jina. Alikaa kijiji kilicho karibu na nguzo za kaskazini. Alizipaka lami na kukata vichaka vinavyoziziba. Yeye na Fundi walikuwa mabaharia pamoja ujanani.

"Atatwambia nini?" niliuliza.

Fundi alifunga mlango. "Nguzo za kusini naziona, zina ukuta mweupe nyuma yake. Za kaskazini sizioni, mwaka wa pili huu. Mikoko na nguzo kwangu ni kitu kimoja. Nilimwambia Pandu. Akasema, wacha, ntakufanyia. Siku ya kupima husimama nyuma ya nguzo ya nyuma, akatazama mstari wa nguzo zote mbili mpaka baharini. Mlingoti wa meli ukiugusa tu, anashusha kitambaa cheupe. Kitambaa nakiona. Mimi nabonyeza kwa jicho la Pandu."

"Na safari hizi mbili?"

"Kakishusha kila mara. Juzi nlimpungia, naye akanipungia."

"Fundi, mimi nilitazama kwa darubini. Hapakuwa na mtu."

"Basi hukutazama," akasema, akachukua kofia yake.

Lori la karakana lilitushusha barabarani, tukaingia kijijini kwa miguu, jua limesimama utosini. Watoto waliokuwa wakicheza walisimama kututazama. Kwenye nyumba ya Pandu tulipokewa na shemeji yake, Makame, mtu mzima mwenye jembe begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwa Fundi.

"Tumekuja kumwona Pandu," Fundi alisema.

Makame aliteremsha jembe polepole. "Kwani hamkupata habari? Pandu katutoka. Miezi miwili sasa. Sheha aliandika barua huko kwenu."

Barua hiyo niliiona baadaye. Ilikuwa ofisini, juu ya meza ya mtu, chini ya kikombe chake.

Fundi alikaa kwenye baraza bila kukaribishwa. Aliuliza siku, Makame akahesabu kwa vidole. Hata kwa hesabu ya karibu kabisa, Pandu alikuwa ameshazikwa wiki nyingi kabla ya safari yetu ya kwanza. Tuliinua mikono, tukamsomea Fatiha. Sauti ya Fundi ilikatika njiani, Makame akaimalizia.

Ndipo sauti ya mwanamke, mjane wa Pandu, ikatoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. "Makame, huyo ndo Masoud wa meli?"

"Naam, Bi Mize, ndiye," Fundi alijibu mwenyewe. "Allah akupe subira."

"Amin. Basi sikiliza, nna amana yako. Masika yaliangusha nguzo ya mbele. Vijana wa hapa walipochimba waisimamishe tena pale pale, wakakuta mifupa ya mtu. Kaburi la kale, hatujui la nani. Nguzo haisimamishwi juu ya maiti, fundi. Wakamfukia kwa dua, nguzo wakaisogeza hatua sita upande wa kaskazini. Pandu akasema kesho nakwenda mjini kumwambia Masoud. Hiyo kesho ikamkuta na homa."

Nilishindwa kujizuia. "Sasa mbona habari haikuletwa, mama? Meli nzima inategemea nguzo hiyo."

"Ailete nani, mwanangu? Waliochimba hawajui nguzo ni ya nini. Aliyeambiwa ni mie, na mie nimo edani. Miezi minne na siku kumi sitoki mlango huu, na ujumbe wa maiti siutumi kwa mtu wa njiani ukafika umepinda. Nlikuwa nahesabu siku, niimalize eda nije mwenyewe." Alikohoa nyuma ya pazia. "Na yeye alinikataza nisihangaike. Siku ya mwisho alinambia, wacha, Mize, Masoud ntamwambia mwenyewe siku ya kupima. Nkasema moyoni, homa inamsemesha."

Nilikuwa nimekaa juani, nikatamani sana mtu yeyote aseme jambo lolote la kawaida, hata bei ya muhogo. Makame aliangalia jembe lake. Fundi alifuta uso kwa kofia, akasema, "Amana imefika, Bi Mize," na akasimama.

Alitangulia yeye kwenda ufuoni. Mtu aliyesema haoni nguzo alipita kwenye vichaka moja kwa moja mpaka penye mawe madogo yaliyopangwa kuzunguka udongo mpya, akasimama kando yake. Mimi nilikwenda nyuma ya nguzo ya nyuma, mahali pa Pandu. Majani ya pale yalikuwa yamelala, yamekanyagwa, na nilijiambia kuwa ni mbuzi. Nikatazama baharini kupitia nguzo iliyosogezwa, kisha kupitia kaburi. Hatua sita pale ufuoni, lakini mistari miwili ikitoka sehemu moja huzidi kuachana kadiri inavyokwenda mbali, na huko meli inakopita zilikuwa hatua zaidi ya hamsini. Nilichukua kijiti, nikapiga hesabu mchangani. Muda wa Mrashi kuvuka nafasi hiyo ulitoka sekunde nane. Nilifuta, nikapiga tena, nikiomba itoke namba nyingine. Ikatoka nane.

Macho yangu mazima yalikuwa yamesoma kwa uaminifu maili isiyo maili. Saa ya kipofu ilikuwa imesoma maili ya kweli, kwa kitambaa ambacho hapakuwa na mkono wa kukishusha.

Njiani kurudi nilimwambia, "Fundi, ni mie niliyekwenda kwa Kepteni."

"Najua. Nani mwengine alinuna wiki nzima?"

"Nisamehe."

"Ulisema ulichokitarajia," alijibu. "Hukungoja ukione."

Nilikwenda kwa Kepteni siku ileile, nikamwambia namba zangu zote za kaskazini ni za makosa, na za Fundi ndizo sahihi, kwa sababu nguzo imehama. Alifurahi, maana nguzo iliyohama ni kitu kinachoandikika. Halafu akauliza, "Lakini kama haoni, aliipimaje?" Nikajibu, "Ana mazoea ya pale." Huo ndio uwongo niliouingiza kwenye daftari la karakana, na mkitaka kuutafuta, umo kabati la pili. Fundi alirudishiwa bisibisi zake mbele ya watu wote, na Kepteni akampa mkono.

Tulileta mnyororo wa kupimia na watu wanne. Nguzo hatukuirudisha juu ya kaburi. Tuliing'oa, tukaisimamisha mbele yake kuelekea majini, kwenye mstari wa zamani. Wapimaji kutoka mjini waliona tunajisumbua kwa ajili ya mifupa ya mtu asiye na jina. Makame aliwatazama tu, wakachimba tulipowaonyesha. Marehemu yule yumo baina ya nguzo mbili mpaka leo, na kila meli iliyopimwa pale imepimwa juu yake.

Safari ya tatu nilikuwa na hofu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Sikujua ninachokihofia zaidi, kuona kitu ufuoni au kutoona. Bahari safari hii ilikuwa na mawimbi madogo, moshi ukienda upande wake, na wapishi wakigombana jikoni. Tulipita nguzo za kusini, tukabonyeza pamoja. Nusu ya njia Fundi aliacha mahali pake, akaja kusimama karibu nami, kinyume na kanuni. Kepteni aliona, akageuka upande mwingine.

Mikoko ya kaskazini ilitokea. Nguzo ya mbele ilianza kuisogelea ya nyuma. Nilingoja, sikutarajia, nilingoja mpaka nikaona moja imeifunika nyingine kabisa, ndipo nikabonyeza. Sindano ya batli na saa yangu vilisema neno moja, lilelile ambalo saa ya Fundi ililisema tangu siku ya kwanza.

Nilimgeukia nikitabasamu. Alikuwa ameikodolea pwani macho yenye ukungu, kidole kiko juu ya kitufe, na saa yake bado inakwenda.

"Yupo?" aliniuliza.

Niliinua darubini. Safari hii nilitazama kama alivyonifundisha, polepole, bila kujiambia kabla nitakachokiona. Nguzo mbili zilizopakwa lami upya. Mawe madogo ya kaburi. Nyuma yake majani, yanayumba kwa upepo.

"Hayupo, fundi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa alivyotegemea. "Ndiyo. Keshanambia alilokuja kunambia." Kisha akauchukua mkono wangu, akaufungua, akaiweka ndani yake saa yake, ya moto kwa kushikwa, inagonga.

"Kepteni kakurudishia kazi, fundi," nilisema. "Mbele ya watu."

"Kairudisha, nami nimeipokea. Sasa naiweka chini mwenyewe. Isimamishe wewe, mwanangu. Mie sikuona kitu."

Tulikuwa tumeshazipita nguzo, meli imeanza kugeuka, na mji ulikuwa unaanza kuonekana ubavuni. Nilibonyeza.